Kipimo cha Shule ya Watu Wote: Kutoka Ukaguzi wa Saksonia hadi Mtihani wa Darasa la Saba

Swali ambalo wachungaji wetu huulizwa mara nyingi na washarika si la mafundisho ya imani. Ni hili: Je, shule ya msingi ya hapa kijijini inafaa, au nijikaze, niuze hata ng'ombe, nimpeleke mtoto kwenye shule ya kulipia? Muulizaji hutaka jibu fupi. Naye mchungaji, ambaye huenda ni mjumbe wa kamati ya shule hiyo hiyo, hutazama matokeo ya mtihani wa darasa la saba na kujibu kadiri ya matokeo hayo. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba jibu la namna hiyo lina historia ndefu, na kwamba historia hiyo inatupasa tulitoe kwa tahadhari kubwa kuliko tulivyozoea.

Yafaa tuanzie nyumbani kwetu Walutheri. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na kuzitunza kwa fedha ya mji. Shule za watawa zilikuwa zikifungwa, na wazazi wengi waliona kwamba, kama mtoto hatakuwa padre wala mtawa, hakuna haja ya kumsomesha. Miaka michache baadaye ukaanza ukaguzi wa sharika za Saksonia. Mwaka 1528 yalichapishwa maagizo kwa wakaguzi, yaliyoandikwa na Philipp Melanchthon na kutanguliwa na dibaji ya Luther. Sehemu ya mwisho ya maagizo hayo inahusu shule. Melanchthon aliwagawa watoto katika makundi matatu: wanaojifunza kusoma, wanaojifunza sarufi, na waliokwisha kuimudu sarufi. Aliwaonya walimu wasiwalemee watoto kwa lugha nyingi na vitabu vingi. Kilatini peke yake kilitosha. Aliagiza pia siku moja ya juma iwe ya mafundisho ya Kikristo.

Hapa tunapenda msomaji aone jambo moja. Katika maagizo hayo hakuna hesabu ya waliofaulu. Kinachoulizwa ni kama mwalimu anafuata utaratibu, kama mtoto yuko katika kundi linalomfaa, na kama hafundishwi mambo mengi mno kwa pamoja. Luther mwenyewe alirudi kutoka ukaguzi huo akiwa amehuzunika. Dibaji ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inaeleza alivyowakuta watu wa vijijini hawajui chochote cha mafundisho ya Kikristo, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha. Lakini tuangalie alichofanya baada ya kuyaona hayo. Hakuorodhesha sharika bora na sharika mbovu. Aliandika kitabu kidogo cha kufundishia. Ukaguzi ulizaa kitabu cha kiada, jambo ambalo, tukisema kweli, halitokei mara nyingi katika historia ya ukaguzi.

Je, shule hizo zilifanikiwa? Swali hili limewagawa wanahistoria wa siku zetu. Mwaka 1978 Gerald Strauss, mwanahistoria aliyefanya kazi Marekani, alitoa kitabu kilichotegemea kwa sehemu kubwa taarifa za wakaguzi wa karne ya kumi na sita. Hukumu yake ilikuwa kali: juhudi za Walutheri za kuwaelimisha watu wa kawaida zilishindwa, kwa kuwa miaka mingi baada ya Matengenezo wakaguzi waliendelea kuandika kwamba watu ni wajinga, hawaji kanisani, na hawaijui katekisimo. James Kittelson alimjibu mwaka 1982 kwa taarifa za Strasbourg, akisema kwamba huko picha ni nyingine, na mafanikio yanaonekana. Wengine walitoa hoja ambayo kila mwalimu aliyewahi kukaguliwa ataielewa mara moja: mkaguzi hutumwa kutafuta makosa, basi huandika makosa. Taarifa yake hueleza habari za shule, na papo hapo hueleza alichotumwa kukitafuta.

Tumelitaja shindano hili la wasomi kwa sababu linahusu kila hesabu tutakayoitaja hapa chini. Hakuna kipimo cha shule kisichobeba ndani yake shabaha ya mwenye kupima.

Desturi ya mchungaji kuwa mkaguzi wa shule ilikaa sana Ujerumani. Kanuni ya shule za vijijini ya Prussia ya mwaka 1763, iliyotungwa na Johann Julius Hecker, mtu wa uamsho wa Kipietisti, iliwalazimisha watoto kwenda shule na kuwaweka walimu chini ya uangalizi wa wachungaji. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria ya mwaka 1872, ambayo ilifanya ukaguzi kuwa kazi ya serikali. Kwa hiyo wamisionari wa Berlin na Bethel waliofika kwetu mnamo mwaka 1890 na 1891, na wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walitoka katika makanisa ambayo kumbukumbu ya mchungaji anayekagua shule ilikuwa bado mbichi. Walipofungua shule za kijiji walizikagua kwa jicho hilo: mtoto anasoma Maandiko? Anaijua katekisimo? Anaimba? Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa na shule zake, ya kwanza ikiwa ya Tanga, zikifundisha kwa Kiswahili bila dini, na kipimo chake kilikuwa tofauti kabisa: shule nzuri ni ile inayotoa makarani, wakalimani na maakida. Vita ilipoanza mwaka 1914, shule za serikali zilikuwa na wanafunzi elfu sita hivi, na za misioni zaidi ya laki moja. Aliyepima kwa wingi wa watoto aliwasifu wamisionari. Aliyepima kwa makarani aliisifu Tanga. Wote wawili walisema kweli.

Lakini kipimo kilichotutawala zaidi hakikutoka Ujerumani. Kilitoka Uingereza, na mwaka wake ni 1862. Wakati huo serikali ya huko ilikuwa ikitoa misaada kwa shule za msingi zilizoendeshwa hasa na makanisa, na gharama ilikuwa ikipanda kila mwaka. Robert Lowe, aliyesimamia elimu serikalini, alileta kanuni mpya iliyojulikana kama malipo kwa matokeo. Kila mtoto mwenye mahudhurio mazuri aliiletea shule shilingi 4, na shilingi nyingine 8 zilitegemea mtihani wa mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Aliposhindwa somo moja, shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Watoto walipangwa katika ngazi sita, kila moja ikiitwa 'Standard'. Wazee wetu waliosema kwamba wameishia 'standadi foo' walikuwa wakitumia, pasipo kujua, neno lililoenezwa na kanuni ya Lowe.

Matokeo yake yaliandikwa na watu walioyaona kwa macho. Mmoja wao ni Matthew Arnold, mshairi, ambaye alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka 35, tangu 1851 hadi 1886. Alipinga kanuni hiyo tangu mwanzo. Katika taarifa zake alieleza jinsi ufundishaji ulivyogeuka kuwa kazi ya mashine. Watoto walikariri kitabu kimoja cha kusomea, kile ambacho mkaguzi angekitumia, na masomo yasiyoleta fedha yakafifia. Mwalimu aliyekuwa akimpokea mkaguzi kama mshauri sasa alimpokea kama mkata mshahara. Utaratibu huo ulianza kuachwa mwaka 1890, na kabla ya karne kwisha ukaondolewa kabisa.

Hapa Tanganyika serikali ya Kiingereza haikuileta kanuni ya Lowe jinsi ilivyokuwa. Ilileta wazo la msaada wenye masharti. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 chini ya Thomas Jesse Jones. Mwaka uliofuata Serikali ya London ilitangaza sera yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika, na mwezi Oktoba 1925 wajumbe wa misioni na wa serikali walikutana Dar es Salaam. Mkurugenzi wa Elimu alikuwa Stanley Rivers-Smith. Sheria ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu: shule iliyotimiza masharti na kukubali kukaguliwa ilipata msaada. Zile ndogo za porini, zilizofundishwa na mwinjilisti mwenye vitabu viwili au vitatu, hazikupata kitu.

Hatusemi kwamba masharti yale yalikuwa mabaya. Mwalimu aliyefundishwa kazi ni bora kuliko asiyefundishwa, na mwinjilisti wengi tuliowasikia wazazi wetu wakiwasimulia alijua alfabeti kwa shida. Ila tuone kilichotokea. Shule zikagawanyika kuwa mbili: zilizohesabiwa na zisizohesabiwa. Watoto walio wengi walikuwa katika hizi za pili. Tukisoma leo taarifa za elimu za miaka ile, mara nyingi tunasoma habari za watoto wachache, na twaweza kudhani kwamba wengine hawakuwako.

Tume ileile ilisifu namna nyingine ya ukaguzi, ambayo twasikitika haikuenea. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, tangu kazi ya Virginia Randolph katika wilaya ya Henrico, Virginia, mwaka 1908, walikuwako walimu wa kuzunguka walioitwa walimu wa Jeanes. Walizitembelea shule ndogo za watu weusi vijijini wakifanya kazi pamoja na mwalimu wa mahali. Kenya ilifungua chuo cha walimu wa namna hiyo Kabete mwaka 1925. Mgeni wa aina hii hakuja na kalamu peke yake. Alikaa, akafundisha, akaondoka baada ya kuacha kitu.

Baada ya Uhuru kipimo kilibadilika tena, na safari hii kwa makusudi yaliyotangazwa wazi. Mwaka 1961 watoto wa shule za msingi walikuwa hawajafika laki tano. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akiukosoa mfumo uliopima shule kwa idadi ndogo ya watoto iliowapeleka sekondari, ilhali walio wengi walirudi kijijini wakijiona wameshindwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazichukua shule za makanisa zilizopata msaada. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mtihani wa kuandika usiwe kipimo pekee. Kazi na tabia ya mwanafunzi vihesabiwe pia. Likaagiza vilevile kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto apate nafasi shuleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi walikuwa zaidi ya milioni tatu. Walimu hawakuwapo wa kutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, kwa vipindi vya redio, kwa masomo ya posta na kwa kufundisha huku wakijifunza. Wasomi wengi wameandika kwa dharau juu ya walimu hawa. Sisi twaona dharau hiyo inasahau swali. Ukiuliza kama mwalimu wa mwaka 1978 alijua zaidi kuliko yule wa mwaka 1960, jibu ni la. Ukiuliza kama binti wa mkulima wa mwaka 1978 alikuwa na mwalimu, jibu ni ndiyo, na mama yake hakuwa naye. Hukumu juu ya mpango ule hutegemea swali lipi limeulizwa kwanza, na kwa kawaida mwenye kuuliza huficha kwamba amechagua.

Miaka ya 1990 uandikishaji ulishuka, michango ikawa mingi, na shule za binafsi zikaruhusiwa kuenea. Ada zilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka 2002, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni nne na nusu hivi mwaka 2000 hadi kama milioni saba na nusu mwaka 2005. Kisha ikaja miaka ya namba. Kiwango cha ufaulu wa darasa la saba kilikuwa asilimia 58 mwaka 2011. Mwaka 2012 kikawa asilimia 31. Mwaka 2015 kikapita asilimia 67. Haiaminiki kwamba watoto wa nchi nzima walipumbaa ghafula mwaka 2012 na kuerevuka ndani ya miaka mitatu. Mwaka ule wa 2012 majibu yalianza kusahihishwa kwa mashine, kwa fomu maalumu za kuchagua jibu. Kamba ya kupimia ilikuwa imebadilishwa, nasi tulikuwa tukibishana juu ya urefu wa shamba.

Kipimo cha namna nyingine kilikuja mwaka 2010 kwa mradi wa Uwezo, uliofuata mfano wa India. Wapimaji walikwenda majumbani, si shuleni, wakampa kila mtoto maandishi ya kiwango cha darasa la pili. Ilionekana kwamba kati ya watoto watano waliofika mwisho wa shule ya msingi, mmoja hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango hicho, na kwa Kiingereza nusu yao hawakuweza. Habari hizi zilishtua. Nasi twaona jambo la maana zaidi lilikuwa ni ile njia ya kwenda nyumbani: kwa mara ya kwanza mtoto aliyeacha shule, au asiyewahi kuandikishwa, alihesabiwa pamoja na wenzake.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zote za msingi zilipangwa kwa nafasi, kitaifa na kiwilaya, kufuatana na mtihani wa darasa la saba, na orodha zikatangazwa. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichunguza matokeo ya shule zote tangu 2011 hadi 2016. Waliona kwamba shule zilizokuwa katika sehemu ya tano ya chini wilayani mwake zilipandisha alama. Waliona pia kwamba shule hizo ziliwapunguza wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Watoto dhaifu waliwekwa kando wasifike chumba cha mtihani.

Tunaomba msomaji asipite hapo haraka. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, asiyesoma vizuri, anaambiwa kwa njia hii au ile kwamba asifike darasa la saba, ili shule yake ipande nafasi kadhaa katika orodha. Shule inasifiwa. Yeye hana alama mbaya. Hana alama kabisa. Hata orodha ya walioshindwa haina jina lake.

Jambo la 1862 lilirudi pia, lakini kwa uangalifu zaidi. Katika majaribio yaliyofanyika katika shule 350 za Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2019, baadhi ya shule zilipewa fedha za ruzuku, baadhi zililipa walimu kwa kila mtoto aliyefaulu, na nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Malipo ya walimu peke yake yalionyesha dalili za kusaidia. Vyote viwili kwa pamoja vilisaidia waziwazi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kumlipa mwalimu kwa matokeo ni kosa siku zote, ingawa tulipoanza kuandika makala hii ndivyo tulivyodhani. Labda kosa la Lowe lilikuwa kuyafanya malipo hayo kuwa njia ya kubana matumizi.

Tangu mwaka 2017 hivi wakaguzi wa shule wanaitwa wathibiti ubora, na mwongozo wao unatazama mambo sita, yakiwamo ufundishaji, uongozi, mazingira na ushirikiano na jamii, wala si alama peke yake. Baraza la Mitihani nalo, katika kipindi cha 2022 na 2023, liliacha kutangaza shule zilizoongoza. Hatua zote mbili twaziona njema. Hata hivyo orodha haijatoka midomoni mwa watu, wala midomoni mwetu. Baadhi ya sharika zetu zina shule za kulipia, na mabango yake barabarani hutangaza nafasi ambayo shule imeshika. Ni vigumu kumshauri mzazi juu ya shule ya serikali ilhali tunamwuzia nafasi katika shule yetu. Mkaguzi wa namna hiyo, hata katika Saksonia ya Melanchthon, angeombwa akae pembeni.

Basi, turudi kwa yule mzazi na ng'ombe wake. Mchungaji asimjibu siku hiyo hiyo. Aende shuleni asubuhi ya siku ya kawaida, isiyo ya mgeni wala ya mahafali. Aingie darasa la pili, aombe watoto wa safu ya nyuma wasome, kwa kuwa wa safu ya mbele huwekwa huko kwa ajili ya wageni. Atazame madaftari aone kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita, na imepita lini. Halafu amwombe mwalimu mkuu daftari mbili za mahudhurio: ya darasa la kwanza la miaka sita iliyopita, na ya darasa la saba la sasa. Aziweke wazi mezani, alinganishe majina moja moja, na kila jina lililoko katika ya kwanza lisilokuwako katika ya pili aulize limekwenda wapi. Wengine watakuwa wamehama, wengine wamekaririshwa darasa, na pengine wamo waliofariki. Waliosalia baada ya hao, mwalimu mkuu aliyekaa pale miaka mingi huwajua kwa sura, na mara nyingi huijua pia nyumba wanamokaa.